Kuwalipa wakandarasi wachangie programu huria: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa taasisi, kampuni na miradi ya hapa Dar es Salaam inayotegemea kila siku programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maagizo yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, na sasa imepata fungu la kumlipa mtu wa mkataba akaziboreshe kule kule zinakotengenezwa. Tunazungumzia hasa miradi inayoendeshwa na watu wanaojitolea: QGIS (programu ya kuchora ramani), OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wote), Debian (mfumo wa kuendeshea kompyuta), Django (zana ya kujengea tovuti), na mingine midogo isiyojulikana jina ila na wanaoitegemea. Kuna majibu marefu, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu hupotea.

Programu tunaipata bure. Kwa nini tuanze kuilipia?

Leseni ndiyo ya bure. Kazi inafanywa na mtu, mara nyingi usiku, baada ya kutoka kwenye kazi inayomlipa. Mwaka 2014 lilipogunduliwa tundu la usalama lililoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba ya msimbo inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, ndipo wengi walipojua kwamba mradi huo ulikuwa na mtu mmoja tu anayeufanyia kazi muda wote, na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Sababu ya karibu zaidi ni yenu wenyewe. Ofisi ya Kijitonyama inayochora ramani za mafuriko ya Bonde la Msimbazi kwa QGIS, halafu kila masika inakwamishwa na hitilafu ile ile wakati wa kuchapisha, haina mtu wa kumdai. Hakuna aliyeiuzia kitu. Inaweza kusubiri, inaweza kumfundisha mtu wake wa ndani, au inaweza kumlipa anayeujua msimbo huo tayari. Tunaandika kuhusu njia hiyo ya tatu.

Tukishalipa, mabadiliko yetu yataingia kwenye toleo lijalo?

Hakuna anayeweza kuwaahidi hivyo, na mkandarasi anayeahidi msimpe kazi.

Mkataba wenu ni kati yenu na mkandarasi. Watunzaji wa mradi, yaani wenye ruhusa ya kuunganisha msimbo mpya, hawakusaini chochote nanyi. Mnanunua muda wa mkandarasi. Uamuzi wa mtunzaji haumo kwenye ankara. Kila tunayemweleza hili anakubali, kisha anarudi ofisini na kumwandikia mfadhili kwamba "kipengele kitatolewa mwezi Juni". Andikeni kwamba kazi itawasilishwa mwezi Juni. Tofauti ya maneno hayo mawili itawaokoa siku ya ripoti.

Kuna jambo zito zaidi hapa. Mkandarasi wenu anaweza kuandika msimbo saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Anayeukagua ana saa mbili za Jumamosi, akiwa na watoto nyumbani. Mkiongeza fedha upande wa kuandika peke yake, mnachofanya ni kurefusha foleni ya mtu ambaye hamumlipi. Maombi ya kuunganisha yatarundikana, mtachoka kusubiri, naye atachoka kuwaona.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. La kwanza, mkandarasi afungue mazungumzo kabla hajaandika mstari hata mmoja. Mradi kama QGIS una utaratibu wa mapendekezo rasmi kwa mabadiliko makubwa. Wazo linajadiliwa hadharani, na mara nyingi hutoka humo likiwa bora kuliko lilivyoingia, au hukataliwa mapema kabla hamjatumia fedha. La pili, sehemu ya saa mnazolipia iwe ya kukagua kazi za watu wengine: kusoma msimbo wao, kuujaribu, kujibu taarifa za hitilafu zisizowahusu ninyi kabisa. Sisi tunapendekeza robo ya saa zote, na kwa mkandarasi mgeni mradini hata nusu. Wahasibu hawapendi kuona hilo kwenye bajeti. Sisi tunaliona kuwa shilingi iliyotumika vizuri kuliko zote.

Wanaojitolea hawatasema, "yeye analipwa, mimi je?"

Wanaweza kusema, na wamewahi kusema. Debian, mradi uliopo tangu mwaka 1993 na unaojengwa na wanaojitolea, uliyapitia haya mwaka 2006. Kikundi kilichojiita Dunc-Tank kilichangisha fedha kuwalipa wasimamizi wawili wa matoleo ili toleo la Etch litoke Desemba mwaka huo. Kiongozi wa mradi alikuwa miongoni mwa walioanzisha mpango. Kikundi kilisimama nje ya mradi kirasmi, lakini wengi hawakuuona ukuta huo. Baadhi ya wajitoleaji walitoa tamko la kupinga, na wapo waliopunguza kazi yao. Etch ilitoka Aprili 2007.

Ukiyasoma mabishano yale leo, kinachouma si kwamba mtu alipata fedha. Debian ilikuwa na watu wengi waliolipwa na waajiri wao kuifanyia kazi, na hakuna aliyelalamika. Kilichouma ni kwamba wachache waliteuliwa kulipwa kwa kazi ambayo wenzao waliifanya bure bega kwa bega nao, na swali la nani aliyechagua halikuwa na jibu ambalo watu wangeliridhia.

Mradi huo huo ukaja kupata njia iliyokaa. Tangu mwaka 2014 kuna mpango wa kuyahudumia matoleo ya zamani ya Debian kwa marekebisho ya usalama, unaoitwa LTS. Makampuni yanalipa kupitia kampuni ya Freexian, nayo inawagawia wakandarasi saa za kazi, na wakandarasi hao huandika hadharani kila mwezi wamefanya nini. Kuziba matundu ya usalama kwenye toleo kuukuu ni kazi ambayo wajitoleaji wachache mno wanaitamani. Hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Django nao walifika mahali panapofanana na hapo kwa njia nyingine. Taasisi inayousimamia mradi inawalipa wachache kwa cheo cha "Fellow", tangu 2014. Kazi yao ni kuchambua taarifa za hitilafu, kukagua michango ya wengine, kushughulikia usalama na kutoa matoleo. Hawakupewa cheo ili wauamulie mradi uende wapi.

Basi tulipie kazi gani?

Zile zinazoombwa na mradi na hazina wa kuzifanya. Majaribio ya kiotomatiki. Kuhamisha msimbo kutoka maktaba iliyozeeka. Nyaraka. Hitilafu za miaka mitatu ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezigusa. QGIS wenyewe, kabla ya matoleo, hutumia fedha za wafadhili kuwalipa waandishi wao wazoefu warekebishe hitilafu kwa wiki kadhaa. Fedha hizo zinaweza kutoka kwenu pia, na kama mna kiasi kidogo, kukitoa huko ni bora kuliko kuajiri mtu wenu.

Kazi ya tafsiri nayo tunaiweka hapa, na kwa moyo wote. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya fahari. Ila tafsiri ya programu haimaliziki: kila toleo jipya linaleta maneno mapya, na asipokuwepo mtu wa kuyafuata, baada ya miaka michache menyu inakuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Mkilipia tafsiri, lipieni na miaka inayofuata.

Epukeni kulipia kile ambacho mjitoleaji mmoja anakifanya kwa furaha sasa hivi. Muulizeni kwanza.

Na DHIS2 je? Wizara na mashirika karibu yote ya afya wanaitumia.

DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya, ni programu huria, lakini haiendeshwi na wajitoleaji. Chuo Kikuu cha Oslo kinairatibu na kuwalipa watu wa timu yake ya msingi. Utaratibu wa kuchangia ni tofauti, na wasiwasi mwingi wa ukurasa huu hauwahusu.

Tunampataje mtu?

Anzeni kwa walio tayari ndani ya mradi. Someni orodha ya walioandika msimbo wa sehemu mnayoitaka, muwaandikie kwa adabu mkiuliza kama wanachukua kazi za mkataba. Wengi wanachukua.

Mkitaka mtu wa hapa, na sisi tunataka mtafute wa hapa, wapo. Mkutano wa kimataifa wa programu huria za kijiografia, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2018. Kabla yake, kuanzia 2015, Ramani Huria iliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani, pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe, katika kuchora mitaa inayofurika kwenye OpenStreetMap. Wengi waliopita katika kazi kama hizo ni watu wazima kazini sasa. Kinachowakwamisha mara nyingi ni kwamba hawajawahi kulipwa kuchangia msimbo, kwa hiyo hawana historia ya michango ya kuwaonyesha ninyi. Mkubalini mtu mwenye uwezo akiwa na historia fupi, mumpe miezi miwili ya mwanzo ya kazi ndogondogo, na mtengee fedha mzoefu wa ng'ambo amwelekeze kwa saa chache kila wiki. Inachukua muda mrefu zaidi. Mwisho wake mnabaki na mtu mnayeweza kukaa naye mezani pale Sayansi.

Tulipe kwa saa, kwa mwezi, au kwa kila mchango uliokubaliwa?

Msilipe kwa kila mchango uliokubaliwa. Tafadhali sana.

Mkifunga malipo kwenye kuunganishwa, mtu wenu analazimika kumsukuma mtunzaji ili kodi ya nyumba ilipwe. Atamwandikia kila siku, ataomba huruma, atajaribu kupitisha kiraka, yaani kipande cha mabadiliko ya msimbo, kisichoiva. Na mkilipa kwa idadi, mtapata idadi. Oktoba 2020, kampeni ya Hacktoberfest iliyotoa fulana kwa atakayewasilisha maombi manne ya kuunganisha ilisababisha mafuriko ya maombi yasiyo na maana, kwa watunzaji ambao hawakuomba kushiriki, hadi waandaaji wakabadilisha kanuni kampeni ikiwa bado inaendelea ili mradi usiojiandikisha usihusishwe. Ile ilikuwa fulana tu.

Lipeni kwa saa, au kwa hatua zilizo mikononi mwa mkandarasi: pendekezo limejadiliwa hadharani, msimbo wenye majaribio umewasilishwa, hoja za wakaguzi zimejibiwa. Bakizeni sehemu ya malipo kwa ajili ya miezi inayofuata kuunganishwa. Watu wa barabara wanacho kipindi cha matazamio, ambapo mkandarasi anarudi kuziba nyufa zinazojitokeza baada ya kukabidhi. Msimbo nao una nyufa zake, na mtunzaji anayejua kwamba mtu wenu atakuwepo bado miezi sita mbele ataukubali mchango wake kwa amani zaidi.

Tunalazimika kutangaza kwamba tunamlipa?

OpenStreetMap wana mwongozo wa mwaka 2018 kuhusu uhariri ulioratibiwa: kikundi kinachowaelekeza watu wahariri ramani kinatakiwa kueleza hadharani ni nani, kwa lengo gani, kwa akaunti zipi, na pa kuwasiliana nacho. Ufuateni. Miradi mingine mingi haina kanuni iliyoandikwa.

Tangazeni hata pasipo na kanuni. Mstari mmoja unatosha: "Kazi hii imelipiwa na taasisi fulani." Mtunzaji akijua, anaelewa kwa nini mtu huyu anashikilia jambo hili hili, na anajua wa kumuuliza akitoweka. Asipojua na akaja kugundua mwenyewe, kila alichokubali nyuma anakitazama upya. Mkandarasi aruhusiwe kimkataba kusema anayemlipa. Tumeona mikataba yenye kifungu cha siri kilichonakiliwa kutoka kwingine, kinachomfunga mdomo mtu ambaye kazi yake yote iko hadharani.

TRA inahusika vipi?

Kama kazi nyingine yoyote ya huduma. Mkandarasi mkazi awe na TIN na awape ankara. Ninyi mnakata kodi ya zuio asilimia 5 ya ada yake na kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, kisha mnampa cheti cha zuio. Asiye mkazi anakatwa asilimia 15, na hapo ndipo ugomvi huzuka, kwa sababu mtu wa ng'ambo alitarajia kiasi kamili. Semeni mapema kwenye barua ya kwanza ya bei. Mkataba kati ya wakazi wawili uandikwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hata kama bajeti ya mfadhili iko kwa dola.

Tukimtumia mtu huyo huyo kila mwezi, atageuka mfanyakazi?

Anaweza, mbele ya sheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa: mnasimamia namna anavyofanya kazi au saa zake, amefanyia kazi kwenu wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anawategemea kiuchumi, mnampa vifaa, na mengineyo. Saa 45 kwa mwezi ni chache sana. Jina la mkataba halibadilishi hali halisi.

Msimamo wetu: kama mnamhitaji mtu kila mwezi kwa mwaka mzima, mwajirini. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ni gharama, lakini naye anapata likizo, matibabu na uhakika wa kupanga maisha yake. Kuna vijana wengi hodari mjini hapa ambao wamekuwa "wa mkataba" kwa miaka kwenye kiti kile kile, na jambo hilo halistahili kufichwa nyuma ya neno programu huria. Ukandarasi ubaki kwa kazi yenye mwanzo na mwisho.

Msimbo utakuwa mali ya nani?

Andikeni kwenye mkataba, msiliache sheria ijaze nafasi. Chochote mtakachochagua, kiwepo kifungu kinachompa mkandarasi ruhusa kamili ya kuwasilisha kazi kwa leseni ya mradi, na kuweka saini pale mradi unapotaka. Kwenye Linux, kwa mfano, kila kiraka kinabeba mstari wa "Signed-off-by", ambao ni tamko la mwasilishaji kwamba ana haki ya kukitoa. Mtu wenu hawezi kuuandika kwa dhamiri safi kama mkataba unasema kila herufi ni mali ya taasisi na haitoki bila kibali cha mkurugenzi.

Tunataka nembo yetu ionekane ndani ya programu.

Hapana. Ukurasa wa wafadhili wa mradi upo kwa ajili hiyo.

Si rahisi zaidi tutengeneze nakala yetu wenyewe, tubadilishe tunavyotaka?

Leo ni rahisi. Mwezi mmoja baadaye mradi unatoa toleo lenye marekebisho ya usalama, na lazima mtu ayahamishie kwenye nakala yenu kwa mkono. Kila toleo hivyo hivyo. Baada ya miaka miwili mkandarasi ameondoka, nakala imeachwa nyuma mno, na ofisi inaendesha programu ambayo hakuna mtu duniani anayeihudumia. Nakala ya pembeni ina maana pale tu mabadiliko yenu hayamfai mtu mwingine yeyote. Hata hapo, jaribuni kwanza kuyaandika kama programu-jalizi. QGIS na Django zimejengwa zikipokea viongezo vya namna hiyo bila kugusa kiini.

Mkandarasi wetu ni hodari na mkimya wa maneno. Kwa nini michango yake ya kwanza inachunguzwa kama ya mwizi?

Kwa sababu ya mambo kama ya xz mwaka 2024. Mtu aliyetumia jina la Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili kwenye programu hiyo ndogo ya kubana mafaili, huku akaunti nyingine zikimsonga mtunzaji, aliyekuwa amechoka, aongeze mtu wa kumsaidia. Alipopewa ruhusa, akapenyeza mlango wa siri. Uligunduliwa na mhandisi Andres Freund kwa kuwa kuingia kwa SSH, njia ya kufungua kompyuta iliyo mbali, kulichelewa kama nusu sekunde.

Tangu hapo, mgeni mwenye bidii anayelipwa na taasisi isiyofahamika huamsha maswali, na ni haki yao kuuliza. Mtu wenu atumie jina lake, ajibu kwa subira, aanze na mambo madogo. Ninyi msimsukume mtunzaji awape ruhusa ya kuunganisha. Ikija, itakuja kwa mtu mwenyewe, na itabaki yake hata mkataba wenu ukiisha. Hatakiwi kuirudisha pamoja na kompyuta ya ofisi.

Mimi ndiye mkandarasi. Mteja anataka hivi, mtunzaji anataka vile. Nimsikilize nani?

Mtunzaji anaamua kinachoingia mradini. Mteja anaamua saa zako azitumie wapi. Usijaribu kuwaridhisha kwa kumwambia kila mmoja anachopenda kusikia, kwa maana mazungumzo ya mradi yako wazi na mteja atayasoma. Mwandikie mteja hivi: mtunzaji amekataa njia hii kwa sababu hizi, anapendekeza njia ile, itachukua saa kadhaa zaidi, tuendelee au tuishie hapa? Mteja mwenye busara atashukuru. Asiposhukuru, bado jina lako mradini ni safi, na kazi inayofuata itatoka huko.

Fungu la mfadhili linaisha mwezi ujao. Tunamalizaje?

Mkandarasi aandike mradini, kwenye kila ombi lililo wazi, kama ataendelea nalo kwa muda wake mwenyewe au la. Kama haendelei, aeleze kilichobaki kwa undani wa kumtosha mtu mwingine kukishika, na alifunge asiloweza kuliokoa. Tengeni saa zake za mwisho kwa kazi hiyo tu, msizimalizie kwa kipengele kipya. Na mkiwa na salio dogo, litumeni moja kwa moja kwenye mfuko wa mradi, kwa jina la taasisi yenu, kabla hesabu hazijafungwa.